Ubao Mama Ulionyamaza Baada ya Kuwekewa Bayosi Mpya

Habari za jioni, ndugu zangu mafundi. Leo tunazungumzia kompyuta mpya kabisa, imeunganishwa vizuri, ikawekewa bayosi mpya, yaani programu ndogo inayouamsha ubao mama, na sasa feni zinazunguka lakini skrini ni giza tupu.

Tuchukue mfano mmoja tuushike mpaka mwisho. Ubao mama ni wa B450, chipseti (chipu inayoratibu vifaa vya ubao) ya mwaka 2018. Prosesa ni Ryzen 5 5600, ya mwaka 2022. Soketi, yaani tundu la prosesa, ni ileile AM4, kwa hiyo prosesa inakaa bila tabu. Tatizo ni kwamba bayosi iliyotoka na ubao huo kiwandani haiijui prosesa iliyozaliwa miaka minne baadaye. Lazima isasishwe kwanza, na kwenye kusasisha ndiko watu wanakokwama.

Giza hilo lina sababu tatu, na dawa ya moja haitibu nyingine. Wengi huruka moja kwa moja kwenye ya tatu.

Ya kwanza si ugonjwa. Bayosi ikibadilika, ubao huanza kuipima ramu upya, ukijaribu kasi moja baada ya nyingine. Kwa ramu za DDR4 ubao unaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu. Kwa mbao za AM5, soketi iliyofuata AM4, zinazotumia ramu za DDR5, kazi hiyo huchukua hata dakika kadhaa, hasa ukijaza vijiti vinne. Taa ya DRAM, yaani ya ramu, imewaka kwenye ubao, mteja amekukodolea macho, na mkono unawasha kwenda kwenye swichi. Uzuie. Tazama saa, mpe dakika 15.

Ya pili ni mipangilio ya zamani iliyobaki kwenye CMOS, kumbukumbu ndogo inayolindwa na betri ya ubao, ambayo bayosi mpya inaisoma vibaya. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, kisha toa betri ya CR2032 kwa dakika 5. Kama betri imefunikwa na kadi, gusanisha kwa bisibisi zile pini mbili zilizoandikwa JBAT1, CLRTC au CLR_CMOS. Ukirudisha, weka kijiti kimoja tu cha ramu, kwenye nafasi ya pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Na tafadhali angalia waya wa skrini umechomekwa wapi! Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Ukichomeka HDMI kwenye ubao badala ya kwenye kadi ya picha, utasubiri mpaka kesho.

Ya tatu ndiyo yenyewe: bayosi imeandikwa nusu. Chipu inayobeba bayosi hufutwa kwanza, halafu ndipo huandikwa. Umeme ukikatika hapo katikati, maagizo ya kuuamsha ubao hayapo tena. Ndiyo maana kazi hii haifanywi bila UPS, betri inayoshika umeme ukikatika.

Kama ubao una kitufe cha Flashback, cha kuandika bayosi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, usifungue chochote. Kitufe hicho kina kidhibiti chake chenyewe, hakihitaji prosesa wala ramu. Kinachohitajika ni waya wa pini 24, waya wa pini 8 wa prosesa, na pawa saplai iwashwe huku kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa. Flashi iwe ya USB 2.0, GB 32 au chini, imefomatiwa FAT32 kwa mpangilio wa diski wa MBR. NTFS na exFAT hazisomeki. Faili la bayosi likae peke yake, nje ya folda yoyote, na jina lake liwe sahihi kabisa: kwa mbao za kampuni ya MSI ni MSI.ROM, kwa za Gigabyte ni GIGABYTE.bin. ASUS kila ubao una jina lake, na programu ya BIOSRenamer iliyomo kwenye zipu hulibadilisha yenyewe. Ukiacha mkia wa zamani, mathalani MSI.ROM.1A0, kitufe hakitaliona.

Chomeka kwenye tundu lililowekewa alama nyuma, si lolote lile. Kwa ASUS, shikilia kitufe sekunde 3 mpaka taa ipepese mara tatu. Ikipepesa kama sekunde 5 kisha ikaganda, flashi haijasomeka; ubao hauna kosa, rudi kwenye fomati na jina la faili. Ikipepesa dakika kadhaa na kuzimika yenyewe, kazi imekwisha.

Imekwisha lakini bado giza? Huenda faili si la ubao huo: soma maandishi ya REV, yaani toleo la ubao, kwenye ukingo wake. Na B450 Tomahawk ya MSI si B450 Tomahawk MAX: ya kwanza ina chipu ya MB 16, MAX ya mwaka 2019 ina MB 32. Mafaili yao hayabadilishani.

Kwa ubao usio na Flashback inabaki CH341A, kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu ya bayosi, na kibanio cha miguu minane. Hapa polepole, maana herufi moja inaua chipu. Winbond W25Q128FV ni ya volti 3.3, W25Q128FW ni ya volti 1.8, nayo lazima ipitie adapta ya kushusha volti. Hiyo 128 ni megabiti, yaani MB 16. Toa betri, chomoa kila waya, soma chipu mara mbili na ulinganishe nakala. Zikitofautiana, kibanio hakijakaa. Nakala hiyo itunze hata kama imeharibika, kwani kwenye mbao nyingi anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, imo humo. Kwa chipu hiyo ya MB 16, faili la kuandika liwe na baiti 16,777,216 kamili; lile la .CAP la ASUS huzidi kwa sababu ya kichwa kilichotangulizwa mbele, na kichwa hicho hukatwa kwanza. Futa, andika, hakikisha.

Ubao ukiamka, XMP, mpangilio wa kuipandisha ramu kasi, isubiri mpaka Windows iwake kwa kasi ya kawaida. Na kama diski imetoka kwenye mashine nyingine ya mteja ikiwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Muulize mteja anao wapi kabla hujagusa bayosi.