Ngozi Ile Ile, Vipato Mbalimbali

Marahaba, kaeni vijana wangu. Wiki iliyopita mmoja wenu alinifuata koridoni akaniuliza: daktari bingwa wa ngozi analipwa kiasi gani? Nikamwambia sitamjibu mpaka aniambie anayemlipa ni nani, na kituo chake kiko wapi.

Nianze na Marekani, maana huko hesabu ziko wazi. Bingwa wa ngozi ni miongoni mwa madaktari wanaolipwa vizuri, lakini hatajirishwi na mazungumzo. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, tangu 1992 humlipa daktari kwa pointi. Kila kazi ina pointi zake, na kazi za mikono, yaani kukata, kuchoma na kushona, huingiza zaidi kwa saa kuliko kumsikiliza mwenye pumu ya ngozi. Ndiyo maana mwenye kliniki binafsi, anayeondoa saratani tabaka kwa tabaka kwa njia aliyoianzisha Frederic Mohs, humwacha mbali mwenzake anayefundisha chuo kikuu.

Na eneo je? Mngedhani New York ndiyo inaongoza. Mara nyingi sivyo. Madaktari wanarundikana miji mikubwa, na mwajiri anajua hatakosa mtu. Mji mdogo wa wakulima hulazimika kupandisha dau. Medicare yenyewe huongeza asilimia 10 kwa daktari anayehudumia eneo lililotangazwa kuwa na upungufu wa madaktari, na Alaska kipimo cha malipo ya kazi ya daktari kimewekwa 1.5, wakati wastani wa nchi ni 1. Uhaba umepewa bei, tena kwa sheria.

Sasa turudi nyumbani. Bingwa wa ngozi aliyeajiriwa na serikali ya Tanzania yuko kwenye TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, na ngazi hizo haziulizi kama uko Upanga, Dar es Salaam, au Kigoma. Kwenye karatasi ni usawa. Lakini nani kati yenu hajui kinachotokea saa kumi jioni? Wa Dar es Salaam anaelekea kliniki binafsi. Wagonjwa wamejaa: chunusi, vipele vya ndevu, na hasa nyuso zilizoungua kwa mkorogo, na wanalipa taslimu. Wa Kigoma anafunga chumba chake, anakwenda zake nyumbani. Mshahara mmoja, vipato viwili.

Hapo ndipo ninapoumia. Mtu mwenye ualbino anayelima juani kutwa huanza na kidonda kidogo sikioni, cha kukatwa kwa nusu saa tu. Anafika kwetu kikiwa kimeshakula shavu, kwa sababu bingwa aliye karibu naye yuko safari ya siku nzima.

Wanaoziba pengo hilo ni matabibu, walio ngazi ya chini ya daktari. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha tangu 1992, wao na wenzao kutoka nchi nyingi za Afrika, kisha wanarudi wilayani. Wanatibu ukoma, upele, fangasi, vidonda vya jua. Kazi ni ya kibingwa. Malipo ni ya tabibu.

Mimi ningeanza na posho ya pembezoni, inayopanda kadiri bingwa anavyokuwa mbali na mwenzake wa karibu, na tabibu wa ngozi awemo. Aliyeniuliza koridoni namwona pale nyuma. Haya kijana, simama: unataka kufanyia kazi wapi?