Mkasi na Majira: Kulea Mzabibu Mchanga Uani Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Naona hapa sura nyingi za watu waliohamia Dodoma miaka hii, tangu Serikali ilipoanza kuja kwa kishindo mwaka 2016. Mmejenga Iyumbu, mmejenga Nzuguni, mmejenga Ilazo. Na kila nikipita huko naulizwa swali lilelile: "Mzee, mzabibu wangu una mwaka mzima, majani yamejaa, mbona hauzai?" Jioni hii nimekuja kulijibu, na jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo na ua wako.

Kwao mzabibu ni nchi zenye baridi. Kule kwenye milima ya Kaukasi, Georgia na Armenia, watu wameulima kwa maelfu ya miaka, na kila mwaka baridi kali ikiingia majani yote yanapukutika, mti unalala miezi kadhaa, halafu joto likirudi macho yake, yaani vile vifundo vya tawi vinavyotoa machipukizi, yanafumbuka karibu kwa pamoja. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa 6 na wa 7 kipupwe kinatuvalisha makoti usiku, ni kweli, lakini baridi hiyo haitoshi kuulaza mzabibu. Ukiuachia uamuzi utaendelea kuota mwaka mzima, ncha ikikimbia mbele, na nyuma yake likibaki tawi refu lisilo na kitu. Kwa hiyo Dodoma anayeupa mzabibu majira ni wewe, kwa vitu viwili: mkasi na maji. Unapunguza maji, unapogoa, na baada ya wiki moja na nusu au mbili macho yanavimba. Kutoka hapo mpaka kuvuna ni kama miezi minne. Ndiyo maana wenzetu wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi huvuna mara mbili kwa mwaka: waliopogoa baada ya mvua huvuna Agosti na Septemba, wakipogoa tena kabla ya mvua huvuna Februari na Machi.

Lakini huo ni mzabibu mkubwa. Mchanga una habari nyingine.

Mti huu unazaa kwenye chipukizi jipya, na chipukizi hilo lazima litokee kwenye tawi lililokomaa, lile lililogeuka kutoka kijani kuwa kahawia. Mzabibu wa mwaka mmoja ambao tawi lake bado ni laini kama utepe utazaa kwa kutumia nini? Kazi ya mwaka wa kwanza ni kutengeneza mizizi na shina. Zabibu si kazi yake. Kikitokea kichala kidogo, na wakati mwingine kinatokea, kikate kingali na maua. Najua moyo unauma. Wa kwangu wa kwanza niliuachia vichala vitatu kwa sababu watoto walivifurahia, na kiangazi kilipokaza mti haukuwa na mizizi ya kuvumilia. Mwezi wa 10 ukakauka mpaka chini.

Sasa twende na kalenda ya huku kwetu. Dodoma hatuna vuli na masika kama Pwani. Tuna mvua moja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mwaka ukiwa mzuri inafika milimita 500 na kitu. Miezi iliyobaki ni ukame. Mimi napenda kuchukua vipandikizi Mei, wakati wakulima wanamaliza kupogoa na matawi mazuri yanatupwa. Navitia kwenye viriba, chini ya kivuli, vinapita kipupwe vikitoa mizizi. Vinaanza polepole, kwa hiyo usivifukue kila wiki kutazama. Kiangazi cha Septemba na Oktoba vinakaa palepale, maji asubuhi. Mvua ya kwanza ya Desemba ikishalowanisha ardhi vizuri, ndipo vinaingia shimoni.

Shimo ni sentimita 60 kwa 60, kwenda chini 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Rudisha ule wa juu kwanza ukiwa umeuchanganya na ndoo mbili za samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Usipande chini ya ukuta unaopigwa na jua la saa tisa alasiri, kwa sababu ukuta wa tofali unahifadhi joto na kuurudishia mmea usiku kucha. Na jambo ambalo wageni wa Dodoma hawaambiwi: onja maji yako. Visima vyetu vingi vina chumvi. Mzabibu mchanga ukinyweshwa maji ya chumvi, kingo za majani zinaungua, zinakuwa kahawia kama zimepitishwa motoni, na mtu anadhani ni ukame, anaongeza maji yaleyale. Kama kisima chako ni cha chumvi, kinga maji ya mvua kwenye simtanki na uyatunze kwa ajili ya mche.

Mvua ikiendelea mche utatoa machipukizi manne, matano. Chagua moja, lile lililonyooka na lenye nguvu, lifunge kwenye kijiti kwa utambaa laini, mengine yote yaondoe. Kila tawi la pembeni linalochomoza kwapani mwa jani, livunje kwa kidole. Unataka chakula chote kiende kwenye kamba moja inayopanda juu kuelekea kichanja chako, zile nguzo na waya za kubebea matawi. Ikifika kwenye waya, kata ncha. Macho mawili ya juu yatachipua: moja lielekee kushoto, jingine kulia. Hiyo ndiyo mikono ya mzabibu wako, utaishi nayo miaka mingi.

Na kama haikufika? Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo nyua nyingi zinaharibikiwa. Mvua imekwisha, ni Mei, unakwenda kuutazama mti wako. Ushike shina kwa vidole viwili. Kama lina unene wa penseli au zaidi, na limekuwa kahawia, endelea nalo. Kama ni jembamba kuliko penseli, hata liwe na urefu wa mita mbili, likate. Likate chini kabisa, ubakize macho mawili tu juu ya ardhi. Nimewaona watu wazima wakishika mkasi na kuurudisha mfukoni. Wanasema, "Mzee, kazi yote ya mwaka?" Kazi ya mwaka iko chini ya ardhi. Mizizi ile iliyokuwa inalisha kiuzi chembamba sasa italisha macho mawili, na chipukizi litakalotoka litakuwa nene na litapanda kwa kasi ambayo hukuiona mwaka jana. Aliyeogopa kukata atakuwa na shina lililopinda, linaloyumba na upepo wa Agosti, na vichala vyake vitakuwa vya kuhesabika.

Utakapokata utaona kitu. Kama mizizi ina maji, pale pa kidonda patatokea tone angavu kama machozi. Linakua, linaning'inia, linadondoka, linafuata jingine. Tunasema mzabibu unalia. Usifunge, usipake kitu, acha. Ni dalili kwamba chini kuko hai, na baada ya siku kadhaa utanyamaza wenyewe.

Magonjwa nitayapitia haraka. Wakati wa mvua angalia madoa ya manjano juu ya jani, kama tone la mafuta, na ukigeuza jani unakuta vinyoya vyeupe: huo ni ubwiri vinyoya, unapenda majani yaliyolowa. Ukiona unga mweupe kama mtu amenyunyiza sembe juu ya majani, huo ni ubwiri unga, nao hauhitaji mvua, unapenda pale palipobanana na hewa haipiti. Mwagilia kwenye shina, usimwagilie majani, na punguza machipukizi hewa ipite. Salfa inasaidia kwa ubwiri unga, lakini ipige alfajiri. Ukiipiga kwenye joto la mchana wa Novemba utaunguza majani mwenyewe. Mchwa watakuja kiangazi, hasa kwenye nguzo za miti, kwa hiyo kichanja cha uani kisimamishe kwa bomba la chuma au zege. Na mbuzi wa jirani, jamani, anaupenda mzabibu kuliko wewe.

Mwaka wa pili mikono ikishakomaa, pogoa Mei, mti uzae kiangazi. Usianze na zao la mvua. Zabibu za kiangazi zinapata jua, zinapata ukavu, zinakuwa tamu, na ubwiri unakuwa mdogo. Mti mchanga uachie vichala vichache, sita au nane, uone unavyovimudu. Mkitaka kujua aina ipi inafaa kwa udongo wenu, kituo cha utafiti cha Makutupora kipo hapa kwetu, wataalamu wake wanaijua mizabibu ya Dodoma kuliko mtu yeyote atakayewauzia miche barabarani.

Pale mlangoni nimeweka ndoo yenye vipandikizi nilivyokata leo asubuhi. Kila mtu achukue viwili. Vina macho manne. Ukikwaruza ganda kwa ukucha utaona kijani, maana yake ni kizima. Upande wa chini nimekata mlalo, upande wa juu nimekata mshazari ili msipande kichwa chini. Macho mawili yaingie udongoni, mawili yabaki nje, na mwagilieni usiku huuhuu mkifika nyumbani. Haya, nani ana swali?