Uani ni Ndani au Nje?

MASOUD: Karibuni tena barazani. Dada Zuhura leo kaingia kimya, na sababu naijua: ule mkataba.

ZUHURA: Kaka, sijalala vizuri tangu Jumatano. Ni mkataba wa chumba, Magomeni, niliutafsiri mimi. Kiingereza kilisema mpangaji asipike kwa mkaa "within the confines of the house". Nikaandika "ndani ya mipaka ya nyumba". Sasa mama wa watu kawasha jiko uani, kakaanga vibua, mwenye nyumba anamwambia ahame. Mama anajibu, "Sikupika ndani, nimepika uani."

MASOUD: Na kweli uani si ndani.

ZUHURA: Uani ni ndani! Pana ukuta, na hodi mgeni anaipiga kule mbele.

MASOUD: Mvua ikianza, nguo unazianua uani unazipeleka wapi?

ZUHURA: Ndani. Lakini mwizi akiruka ukuta akatua uani, utasema yuko nje?

MASOUD: Nitasema kaingia uani. Kaingia ndani sisemi.

ZUHURA: Umeshasema "kaingia"!

MASOUD: Hata shambani mtu huingia, dada. Hakuna paa.

ZUHURA: Haya. Kosa langu ni lile neno mipaka. Lile la Kiingereza, "confines", shina lake ni Kilatini, finis, yaani mpaka, nami nikalifuata kamusini. Mipaka ni ya shamba na nchi. Sisi tuna "mwa" na "humu". Kikulacho ki nguoni mwako. Nani kasema ndani ya mipaka ya nguo zako? Ningeandika "asipike nyumbani humu", basi.

MASOUD: "Humu" ni tamu mdomoni, ila haisemi inaishia wapi. Vibua vingekaangwa vilevile. Mimi ningetaja: asipike chumbani, ukumbini wala uani.

ZUHURA: Na barazani?

MASOUD: Barazani apike, mtaa mzima ule vibua.

ZUHURA: Ndiyo hatari ya kutaja! Usipotaja, umeruhusu. "Humu" inakumbatia nyumba yote.

MASOUD: Inakumbatia kwako uliyezaliwa kwenye nyumba yenye ua. Aliyezoea ghorofa haisikii hivyo. Mkataba husomwa na mtu mwenye hasira, dada.

ZUHURA: Basi tukiandikia wenye hasira, tutaipoteza lugha. Hapo sikufuati.

MASOUD: Wala mimi sirudi nyuma.

ZUHURA: Na tuliahidi ngeli za mahali, pa, ku na mu, zote tatu na mifano.

MASOUD: Dakika mbili zimebaki, na hata mu hatujaimaliza. Yule mama yupo bado?

ZUHURA: Yupo, kapewa hadi mwisho wa mwezi. Neno ni langu, siwezi kumwacha. Kesho alasiri nakaa nao wote wawili tuusome mkataba upya.

MASOUD: Mtakaa wapi?

ZUHURA: Uani.