Gari Kuukuu la Petroli Litie Mafuta Gani?

Hamjambo watazamaji. Hili mnaloliona ni Corolla la miaka ya tisini, mtumba wa Japani. Mwenyewe auliza: aendelee na super ya kawaida au ahamie ile pampu ya bei ghali, ya premiamu? Tusibahatishe, gari lenyewe litatwambia.

Kwanza, fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko. Kama ni Kijapani, elekeza kamera ya simu itafsiri. Utakuta moja kati ya mawili, regula au premiamu. Regula ya Japani huanzia okteni 89, premiamu 96. Angalieni lakini: kitabu cha gari la Marekani kikiandika 87, hicho ni kipimo chao. Kwa RON, kipimo chetu, ni kama 91.

Okteni si nguvu, jamani. Ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka ovyo. Injini hii ya regula ukiitilia ya ghali, pesa yatokea ekzosi. Subaru ya tabo, yaani yenye kipuliza hewa injinini, ni mambo mengine, hiyo ipe inachotaka.

Pili, lisikilize. Hapa kisiwani Mombasa kote ni tambarare, hutajua kitu. Toka hadi Miritini, panda kuelekea Mazeras kwa gia ya juu, ukanyage. Ukisikia kama njugu zatikiswa ndani ya kopo, injini inagonga. Punguza mguu hapo hapo, kugonga kukizidi hutoboa pistoni.

Sasa usikimbilie pampu ya bei. Badilisha kituo kwanza! Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushuka okteni, na mchezo huo ulizidi hata serikali mwaka 2018 ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita. Dondoshea karatasi nyeupe matone mawili, mbali na moto. Petroli safi hukauka ikaisha. Ikibaki doa la mafuta, hama. Na wa jerikeni anayeuza chini ya bei ya EPRA, mamlaka ya serikali inayopanga bei ya mafuta, mpite tu.

Bado yagonga? Fundi aangalie plagi, joto la injini, na taimingi, yaani wakati plagi zinapopiga cheche. Distributa, ile inayogawia plagi umeme, ikirudishwa nyuma kidogo mara nyingi hunyamaza. Likishindikana hilo, ndipo ujaze tangi la premiamu. Pengine ni kaboni imejaa kwenye silinda, na hapo okteni ya juu husaidia kweli.

Wenye Peugeot 504 na wazee wenzake, yenu ni tofauti. Petroli ya risasi, ile metali ya ledi, haiuzwi Kenya tangu 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda viti vya valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga. Okteni haizibi pengo hilo. Pima mwanya wa valvu kila sevisi. Ukiona wazidi kubana, viti vinaliwa. Dawa ya chupa ya kumiminia tangini itakusogeza, lakini siku hedi, kile kichwa cha injini, ikifunguliwa, weka viti vigumu.

Mwisho ni chujio la petroli. Gari linalolala nusu tangi kwenye unyevu wetu huota kutu ndani, na maji hukaa chini. Uchafu huo huishia chujioni, basi tulifungue. Haya, toa waya hasi wa betri, legeza kifuniko cha tangi kipumue, weka bakuli chini. Mwenye sigara asogee kule. Lete spana ya kumi na saba.