Tuongee hela za nyumbani: mazungumzo na wazazi, Mbagala

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Naombeni tusogee mbele kidogo maana maiki hii inakata. Nimeambiwa niongee kuhusu familia kuishi kwa kubana mpaka siku moja iwe huru kipesa, yani ufike mahali unaenda kazini kwa kupenda, sio kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Najua mmezoea kuambiwa acha soda, acha vocha, acha andazi. Leo andazi siligusi, waacheni watoto wale. Nyumba za watu wa kawaida hapa Dar zinabanwa na kodi, ada, nauli na michango, basi huko ndo twende.

Kwanza hesabu, na mwenye simu afungue kikokotoo. Familia inatumia laki 8 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 9 na laki 6. Wamarekani wana kanuni yao, mshauri wa fedha anaitwa William Bengen aliipigia hesabu mwaka 1994, kwamba ukitoa asilimia 4 ya akiba yako mwaka wa kwanza, afu kila mwaka unaongeza kufuata bei zilivyopanda, hela inakaa miaka 30. Asilimia 4 ni sehemu moja ya 25, ndo wakasema kusanya mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Familia yetu hiyo ni milioni 240. Nawasikia mnaguna! Sasa shusha matumizi laki moja tu kwa mwezi, piga tena: milioni 210. Laki moja imekufutia milioni 30, na yenyewe bado ipo mkononi unaiweka akiba. Bosi akikuongezea laki moja na ukaiweka yote, lengo linabaki palepale 240, na wengi wetu mshahara ukipanda hatuiweki, tunahamia nyumba yenye tailizi.

Ila kanuni hiyo ni ya hisa na hatifungani za kwao, yani hati za kuikopesha serikali hela ikulipe riba, msiibebe nzimanzima. Hapa kwetu hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimekuwa zinalipa riba ya tarakimu mbili kwa muda mrefu, riba inaingia kila baada ya miezi sita, unaanzia milioni 1 kupitia benki au dalali. Tuseme una milioni 10 kwa asilimia 12, kila miezi sita unapokea laki 6, tamu kweli, na wapo wanaoila yote mpaka senti ya mwisho. Sasa bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, ile milioni 10 ikirudi baada ya miaka 20 itanunua vitu vya kama milioni 5 na nusu ya leo. Kwahiyo sehemu ya riba lazima irudi ndani. Ambaye milioni bado haijajaa kuna mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza pamoja, huo wa Umoja upo toka 2005, unaingia na hela ndogo unaongeza kidogokidogo kwa simu.

Turudi nyumbani. Nani hapa anajua LUKU yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, ipo kundi gani la bei? Mnaona, mikono miwili. Wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ni shilingi 100 kwa uniti, ukiweka kodi na makato inafika 122 hivi. Kundi la kawaida ni 292, na makato ndo ile 356 mnayoijua. Kwahiyo jirani wa uniti 74 analipa kama elfu 9, wewe wa uniti 80 unalipa elfu 28 na zaidi, kwa tofauti ya pasi ya kila asubuhi na jagi la umeme! Piga nguo za wiki nzima Jumapili, chai chemshia gesi, ukishazoea nenda Tanesco kaombe kuhamishwa.

Alafu hii biashara ya kupima. Mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, mchele kilo moja moja, mwisho wa mwezi umelipia gunia na hujaliona gunia. Tafuta majirani wawili mnaoaminiana, mnunue gunia mgawane.

Ada nitasema na mtanichukia. Shule za serikali ada ilifutwa toka 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa cha tano na sita. Kama English medium inakufanya ukope kila Januari, mtoto asome ya serikali, ukae naye jioni na daftari lake, na tuisheni ya masomo mawili bado ni nafuu mbali sana.

Michango: msiba nenda, toa, pika, usibane kabisa huko. Lakini kitchen party, send-off, harusi, kamati juu ya kamati, afu unapandishiwa kutoka kadi ya singo kwenda dabo, hapana. Wekeni fungu la mwezi, likiisha sema limeisha, watanuna wiki moja.

Haya maswali. Dada wa kitenge cha njano... anauliza mume hasemi mshahara wake, afanyeje. Dada yangu, mshahara uache kwanza. Chukueni daftari moja, mwezi mzima kila mtu aandike alicholipa, sabuni, nyanya, nauli ya watoto. Wanaume wengi hawajui nyumba inakula shilingi ngapi, akiiona kwa mwandiko wako maongezi yanakuwa mengine. Akigoma kabisa, fungua akaunti UTT kwa jina lako na uandike mrithi.

Kaka pale mlangoni? Mama mkwe! Huyo mpangie kiasi kinachojulikana kila mwezi na kitumwe siku ya mshahara, maana usipompangia atapiga simu tarehe 20, na tarehe 20 wote tunajua hali ikoje.