Nani Anamzuia Nani? Mhusika Mkuu na Mpinzani Wake katika Tamthilia ya Kifamilia

Waheshimiwa walimu, na ninyi vijana mnaojifunza kuigiza hapa Lubumbashi,

Nilipowauliza ni nani mpinzani katika A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyofika Broadway mwaka 1959, karibu ninyi nyote mlinijibu kwamba ni Karl Lindner. Naelewa jibu hilo lilikotoka. Lindner ni Mzungu aliyetumwa na wakazi wa Clybourne Park, mjini Chicago, awape akina Younger, familia ya Wamarekani Weusi, fedha ili wasihamie mtaani kwao. Nasi wa mji huu, ambao wakoloni waliutenganisha na Kamalondo, mtaa wa Waafrika, kwa ukanda mtupu wa ardhi, hatuhitaji kuelezwa uovu wa jambo hilo. Lakini Lindner huingia jukwaani mara mbili tu, na mara ya kwanza ni katika onyesho la tatu la sehemu ya pili. Kabla ya hapo, ugomvi wote ule ulikuwa kati ya nani na nani?

Mimi huanza na haja. Waliolifuatilia kundi la Mufwankolo, kundi la maigizo la hapa Lubumbashi, wanajua kwamba waigizaji wake walikubaliana kwanza juu ya kisa, kisha wakayatunga maneno papo hapo. Mwigizaji asiyejua anachokitaka hana la kusema. Walter Lee Younger, dereva wa tajiri, anazitaka dola 10,000 za bima ya marehemu baba yake ili aingie ubia katika duka la pombe. Haja hiyo ndiyo inayoitikisa nyumba, na yeye ndiye atakayetoa uamuzi wa mwisho. Kwa hiyo mhusika mkuu ni yeye, hata kama mama yake anapendeka zaidi.

Anayemzuia ni Lena, mama huyo huyo. Hundi ni yake, dini yake haimruhusu kufanya biashara ya pombe, na anatoa dola 3,500 kuwa malipo ya kwanza ya nyumba bila kushauriana na mwanawe. Najua inawauma kumwita mama mpinzani. Hata hivyo mpinzani si lazima awe mwovu, na katika tamthilia ya kifamilia mara nyingi ndiye anayempenda mhusika mkuu kuliko wote; uchungu wa mchezo unatoka hapo.

Baadaye Lena anamkabidhi Walter dola 6,500, akimwagiza atenge 3,000 kwa masomo ya dada yake, Beneatha. Hapa ndipo ninapovutiwa zaidi, kwa sababu mama amekwisha kuondoka njiani, na kinachobaki kumpinga Walter kimo moyoni mwake. Willy Harris anayetoroka na fedha haonekani kamwe jukwaani, na aliyeacha kuzitenga zile 3,000 ni Walter mwenyewe. Katika sehemu ya tatu yeye ndiye anayemwita Lindner, akiwa tayari kupokea fedha zake. Ruth, mkewe, anataka kumtoa mtoto wao, Travis, asiyaone hayo. Lena anakataa, anaamuru mjukuu abaki na baba yake amweleze anachokifanya. Walter anaanza kwa kusitasita, kisha anazikataa fedha.

Amri ile ya Lena ni kizuizi cha mwisho anachomwekea mwanawe. Atakayepewa nafasi ya Lena asiitamke kama mtu anayetazama tu. Tufungue ukurasa huo sasa, tuusome kwa sauti.