Kurudi Kijijini Wakati wa Songkran: Jinsi Marafiki wa Utotoni Wanavyokutana Thailand

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, ndugu wanafunzi na wageni wote mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie safari nchini Thailand, nami nimeamua kuziacha fukwe za Phuket na mahekalu ya Bangkok, ambayo habari zake mmekwisha kuzisikia, ili niizungumzie safari ambayo Wathai wenyewe huifanya kila mwaka, yaani ile ya kurudi katika vijiji walikokulia. Hoja yangu ni moja tu: katika nchi hiyo, anayetaka kuwaona marafiki zake wa utotoni hana budi kujua aende lini, kwa sababu kijiji kipo mwaka mzima, lakini watu wa rika lake huwa humo kwa siku chache.

Chanzo cha hali hii kinaonekana vizuri zaidi Isan, eneo la kaskazini-mashariki lenye mikoa 20 na takriban theluthi moja ya wananchi wote wa Thailand. Wengi wao huzungumza Kilao, hula wali wa kunata kwa mkono, na wamezoea kulima mpunga wa kutegemea mvua, ambao huvunwa mwezi wa Novemba na Desemba. Baada ya hapo ardhi hukauka na kazi za shambani hupungua sana. Kilimo cha msimu mmoja hakikuweza kuzikidhi familia, na barabara ya Mittraphap, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani na kufunguliwa mwaka 1958 kati ya Saraburi na Nakhon Ratchasima, iliwarahisishia vijana njia ya kwenda Bangkok kufanya kazi za ujenzi, viwanda na teksi. Wengine wamefika Taiwan, Korea Kusini na Israel. Nyumbani hubaki babu, bibi na wajukuu.

Niliyaona haya kwa macho yangu nilipofuatana na rafiki niliyesoma naye chuo kikuu, mzaliwa wa mkoa wa Roi Et, karibu na mbuga ya Thung Kula Ronghai inayosifika kwa mchele wenye harufu nzuri. Safari yetu ya kwanza ilikuwa mwezi wa Agosti. Rafiki yangu alipita nyumba kwa nyumba akiwaulizia wenzake wa shule ya msingi, na kila alipobisha hodi alifunguliwa na mzazi wa huyo aliyemtafuta, akakaribishwa maji ya kunywa, akaonyeshwa picha kwenye simu, kisha akaambiwa kuwa fulani yuko kiwandani Rayong na fulani yuko Samut Prakan. Alipokewa kwa upendo mkubwa, ila katika wote aliowaulizia hakumwona hata mmoja. Tuliporudi katika msimu wa Songkran, nyumba zilezile zilikuwa zimejaa watu, na wale wa kwenye picha walikuwa wameketi mkekani.

Songkran, mwaka mpya wa jadi, huadhimishwa tarehe 13 hadi 15 Aprili, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Watalii huifahamu kwa kurushiana maji barabarani. Kijijini, maji hayo kwanza hutiwa maua, kisha vijana huyamwaga polepole juu ya mikono ya wazee, wakiomba radhi na kupokea baraka. Na katika ua wa hekalu watu hujenga vichuguu vya mchanga, kufidia mchanga walioondoka nao miguuni mwaka mzima. Ni baada ya wazee kupewa haki yao ndipo marafiki hupata muda wa kukaa pamoja, na mara nyingi shule ya zamani huandaa chakula cha jioni kwa wote waliosoma hapo. Mpangilio huo naupenda kwa dhati, kwa sababu haumruhusu mtu kuwakimbilia wenzake akawapita wazazi wao.

Safari yenyewe inahitaji tahadhari. Treni nyingi za masafa marefu, ambazo tangu Januari 2023 huondokea kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat jijini Bangkok badala ya Hua Lamphong kilichofunguliwa mwaka 1916, hujaa mapema. Barabarani, serikali hutangaza siku saba za hatari, na katika siku hizo zaidi ya watu 200 hupoteza maisha karibu kila mwaka, wengi wao wakiwa kwenye pikipiki. Mimi nawasihi mpande treni: kutoka Bangkok hadi Ubon Ratchathani ni kilomita 575, na usiku mmoja unatosha.

Kuna jambo linalonihuzunisha. Kati ya mwaka 1963 na 1983 Thailand ilizaa zaidi ya watoto milioni moja kwa mwaka, na hilo ndilo rika linalojaza treni za Aprili. Mwaka 2024 waliozaliwa hawakufika 500,000. Shule zenye wanafunzi chini ya 120 huhesabiwa kuwa ndogo, na nyingi zimeunganishwa na nyingine au kufungwa, hivyo wapo watu wanaorudi kijijini wakalikuta lango la shule yao limefungwa kwa kufuli.

Wapo pia waliopoteza kijiji chote. Huko Sangkhlaburi, karibu na mpaka wa Myanmar, bwawa la Khao Laem, ambalo sasa huitwa Vajiralongkorn, liliuzamisha mji wa zamani katikati ya miaka ya 1980, na Wamon, yaani watu wa kabila la Mon, waliokuwa wamekusanyika kumzunguka mtawa Luang Pho Uttama wakahamia mahali pa juu zaidi. Wakati wa kiangazi maji yakipungua, kuta za hekalu lao la kwanza hubaki wazi na watu huweza kutembea ndani yake. Hata hapo, basi, kurudi ulikozaliwa kuna msimu wake.

Kwa asiyeweza kwenda Aprili, ipo nafasi nyingine. Baada ya miezi mitatu ya watawa kukaa hekaluni wakati wa mvua, hufuata mwezi mmoja, kati ya Oktoba na Novemba, wa sherehe ya kathin, ambapo waumini huwapelekea watawa mavazi na fedha. Kila hekalu huruhusiwa kupokea kathin mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo wenyeji walioko Bangkok huchanga, hukodi basi na kufika pamoja siku hiyohiyo. Mwenye rafiki huko na amuulize tarehe ya kathin ya hekalu la kwao kabla ya kukata tiketi ya ndege.